Chanjo za Mwanao, Kuanzia Siku ya Kwanza

Mimi ni mhudumu wa afya wa kujitolea hapa Busia, upande wa Uganda, na kila mara nakutana na mama aliyepoteza kadi ya chanjo. Basi anzia hapo: itie kadi kwenye mfuko wa nailoni, uifunge, uiweke pamoja na hati za nyumba.

Siku ya kuzaliwa mtoto apate BCG, chanjo ya kifua kikuu, ile inayoacha kovu mkononi, na matone ya polio. Usitoke wodini bila kuuliza. Kisha rudi akiwa na wiki 6, 10 na 14. Hapa ndipo wengi hukwama: mtoto akipata homa baada ya sindano, bibi husema asirudishwe tena. Homa ndogo ya siku moja mbili ni ya kawaida. Mnyonyeshe mara kwa mara. Homa ikizidi au akikataa titi, mkimbize kituoni. Lakini wiki ya 10, mama, rudi. Dawa ile imetunzwa kwenye baridi safari yote mpaka huku kwa ajili yake.

Surua na rubella ni miezi 9, halafu 18. Tangu Aprili 2025 wilaya zenye malaria nyingi zinatoa chanjo yake pia, miezi 6, 7, 8 na 18. Chandarua kibaki palepale.

Vituo vya serikali havidai pesa ya chanjo. Umechelewa? Nenda hivyo hivyo. Majuzi nilimsindikiza mama aliyechelewa miezi minne, akiogopa kukemewa. Muuguzi alimkaribisha, akamchanja mtoto, akaandika tarehe ya kurudi.