Kuoka bega la nguruwe: ngozi ikauke kwanza, mvinyo ufuate

Wanaoniuliza kwa nini ngozi ya nguruwe wao hutoka ngumu kama mpira huanza kunitajia viungo walivyotia. Viungo havihusiki. Kinachoharibu ni maji yaliyobaki kwenye ngozi.

Hatua ya 1: Nyama
Bega lenye ngozi yake, kilo 2 hivi. Kiuno sikipendekezi, kinakauka upesi mno.

Hatua ya 2: Ngozi
Anza siku moja kabla. Futa ngozi kwa karatasi za jikoni, kisha uichanje kwa wembe mpya, mistari iachane sentimita 1. Kisu cha jikoni huteleza juu ya ngozi hata kikinolewa vipi. Wembe upite kwenye ngozi na uingie kwenye mafuta, lakini usifike kwenye nyama. Ukifika, maji ya nyama yatapanda wakati wa kuoka na kuilowesha ngozi, na pale palipolowa hapatafura (kuvimba na kuwa mkavu wa kuvunjika mdomoni) kamwe.

Sugua chumvi hadi ndani ya michanjo. Baada ya saa moja utaona matone yamejitokeza juu: chumvi imeyavuta. Yafute yote, nyunyiza chumvi kidogo tena, uweke nyama kwenye friji usiku kucha, rafu ya chini kabisa ili isidondokee vyakula vingine. Usiifunike. Wala plastiki, wala foili, wala sahani juu yake, maana hewa ya friji ndiyo inayokausha. Asubuhi gusa: ngozi iwe ngumu, isinate kidoleni. Ikinata, iache saa kadhaa zaidi hata kama wageni watachelewa kula.

Kitunguu saumu, pilipili manga na mimea ya kunukia vipakwe upande wa nyama tu. Asali usiiguse, itaungua.

Hatua ya 3: Oveni
Nyuzijoto 230 kwa dakika 30, ngozi ikitazama juu, halafu shusha hadi 160 kwa saa mbili na nusu au tatu. Usiimwagilie mchuzi. Tumia kipimajoto, saa ya ukutani haijui ndani kukoje. Nguruwe ni salama kuliwa kwa nyuzi 63 akipumzishwa dakika 3, lakini bega kwa joto hilo bado linatafunika kwa shida. Mimi hungoja 90, kolajeni, ile tishu ngumu inayoshikilia nyama, ikiwa imekwisha kuyeyuka kuwa jelatini laini. Ngozi ikiwa bado haijafura, washa moto wa upande wa juu wa oveni (grili) kwa dakika chache na usibanduke hapo.

Hatua ya 4
Pumzisha dakika 20, bila kufunika.

Hatua ya 5: Mvinyo
Mafuta haya yanataka uchachu wa kuyakata. Chaguo langu la kwanza ni Riesling mkavu (mvinyo mweupe usio na utamu) wa Ujerumani, la pili Chenin Blanc, mweupe pia, wa Vouvray, Ufaransa. Ukiandaa sosi tamu ya tufaha, chukua Riesling wenye utamu kidogo, kwa sababu mvinyo mkavu mbele ya sosi tamu huonekana mchungu. Anayetaka mwekundu apewe Pinot Noir uliokaa friji nusu saa. Cabernet Sauvignon, mwekundu mzito, ukiwa bado haujakaa miaka mingi uuwekee nyama ya ng'ombe: tanini zake, yaani ukakasi wa maganda ya zabibu, hukausha ulimi na kuifunika ladha ya nguruwe, ambayo ni ya upole.

Mafuta ya kwenye trei yaengue, mimina glasi ya mvinyo mweupe uleule, kwangua yaliyoganda chini, uchemshe hadi ubaki nusu. Mchuzi huo uweke chini ya vipande vya nyama, usiumwage juu ya ngozi.