Kununua gari au pikipiki iliyotumika kwa mtu usiyemjua: angalia haya kabla hujatoa hela

Watu wengi wakienda kuangalia gari iliyotumika wanakimbilia injini, wanafungua boneti, wanasikiliza muungurumo, wanasifia rangi inavyong'aa, afu karatasi wanakuja kuziulizia mwishoni hela ikiwa inahesabiwa. Hapo ndo watu wanapopigwa. Injini mbovu ni hasara sawa lakini fundi yupo, ila gari ya wizi ikikamatwa mkononi mwako inarudi kwa mwenyewe, wewe unabaki na maelezo ya kutoa polisi na aliyekuuzia namba yake haipatikani tena. Kwahiyo mimi nasema fuata mpangilio huu, mtu kwanza, karatasi pili, chuma mwisho.

Kumchunguza mtu kunaanza ukiwa bado nyumbani. Ukiona bei iko chini sana kuliko za gari nyingine kama hiyo jiulize kwanini haijaondoka, maana madalali wanashinda mtandaoni kutwa nzima wanawinda hizohizo za bei chee, ingekuwa ya kweli wangeshaibeba kabla yako. Picha za tangazo ziingize kwenye Google sehemu ya kutafuta kwa picha, unaweza kukuta picha zilezile ziko kwenye tangazo la nchi nyingine kabisa na jina lingine. Afu muombe muuzaji akupigie picha mpya, aweke kikaratasi juu ya dashibodi kimeandikwa tarehe ya leo kwa mkono. Kwa mwenye gari hiyo ni kazi ya dakika mbili. Tapeli ataanza hadithi, mara amesafiri, mara gari iko stoo imefungwa, mara kuna wakala atakuletea mpaka mlangoni ukishalipa, mara kuna mteja mwingine yuko njiani tuma advansi kidogo nikushikilie. Usitume. Hata iwe ndogo kiasi gani usitume hela kwa kitu ambacho hujakigusa, na mtu akikuharakisha ndo uzidi kupunguza mwendo.

Kuna kitu kingine rahisi sana, ukipiga simu sema tu "habari, nimeona tangazo la gari, bado ipo?" usitaje ni gari gani. Akikuuliza "ipi hiyo?" ujue huyo ana gari zaidi ya moja anauza. Si dhambi kuwa dalali, lakini kama kwenye tangazo kaandika ni gari yake binafsi ya familia basi ameshaanza kukudanganya hata hamjaonana, na mtu wa hivyo hata akikwambia service inafanywa kwa wakati utaaminije?

Kuonana iwe mchana, na pazuri zaidi ni nyumbani kwake kwasababu unapata kujua anapokaa, hasa kama anwani ikilingana na ya kwenye karatasi. Akikataa basi pawe mahali penye watu, hata karibu na kituo cha polisi, mwenye nia njema hatasumbuka na hilo. Usiende peke yako na usiende na kitita cha hela mfukoni siku ya kuangalia. Fundi uende na wako, huyo atakayekuletea muuzaji analipwa na muuzaji.

Sasa karatasi. Omba kadi ya umiliki orijino sio kopi wala picha ya kwenye simu, jina lake lisome pamoja na kitambulisho cha huyo aliyesimama mbele yako. Kama gari ni ya shemeji yake basi shemeji aje mwenyewe au kuwe na hati ya kisheria ya kumruhusu auze. Afu tafuta namba ya chesisi kwenye gari yenyewe, usisomewe, isome wewe. Kwenye gari nyingi iko kwenye kona ya dashibodi chini ya kioo cha mbele, ipo tena kwenye nguzo ya mlango wa dereva, na ipo iliyogongwa kwenye chuma. Zote lazima zifanane, na zifanane na kadi herufi kwa herufi. Namba ya chesisi ya mfumo wa kimataifa (VIN) ina tarakimu na herufi jumla 17, na haitumii kabisa herufi I, O wala Q kwasababu zinachanganywa na 1 na 0, kwahiyo ukikuta O katikati ya namba ya hivyo shtuka. Gari zilizotengenezwa kwa soko la ndani la Japan ni tofauti, zenyewe zina namba fupi yenye kistari katikati, hiyo ni kawaida. Kwenye pikipiki itafute kwenye shingo ya fremu pale usukani unapozungukia. Pitisha kidole juu ya namba, ukihisi pamesuguliwa, herufi zimepanda na kushuka, au rangi ni mpya hapo tu na kwingine ya zamani, aga uondoke, usianze hata kubishana.

Angalia pia kama gari haina deni, maana gari iliyowekwa dhamana ya mkopo inaweza kuchukuliwa hata kama wewe umelipa hela yako halali. Hiyo kaulize kwenye mamlaka ya usajili mwenyewe, na tovuti yao uitafute mwenyewe, usibonyeze linki aliyokutumia muuzaji kwasababu kuna tovuti za uongo zimetengenezwa kukuuzia ripoti feki na kuchukua taarifa za kadi yako ya benki.

Mpaka hapo kama kila kitu kimekaa sawa ndo ufungue boneti. Mwambie mapema kabisa asiwashe gari kabla hujafika, na ukifika weka mkono karibu na injini, ukikuta ina joto jua amekupashia kuficha kitu, kwasababu injini yenye matatizo inajisema ikiwa ya baridi. Iwashe huku mtu wako amesimama nyuma anaangalia moshi. Wa bluu maana yake inakula oili, mweusi inachoma mafuta kupita kiasi. Mvuke mweupe kidogo asubuhi ni kawaida, ila moshi mweupe mzito usioisha hata injini ikishapata moto, hasa ukiwa na harufu ya utamutamu, hayo ni maji ya rejeta yanaingia kwenye silinda, gasketi imeondoka. Fungua kifuniko cha oili, ukikuta chini yake utando kama chai ya maziwa nao ni dalili ya maji kuchanganyika na oili. Taa ya injini na ya eabegi lazima ziwake ukifungua switchi kisha zizime injini ikishawaka, zisipowaka kabisa huenda kuna mtu kazichomoa.

Mileji usiiamini peke yake, inarudishwa nyuma kirahisi siku hizi. Angalia raba ya pedeli ya breki, usukani, na upande wa kiti anaposhukia dereva, kama mita inasema imetembea kidogo na raba ya pedeli imelika mpaka chuma kinaonekana, kimoja wapo kinadanganya na sio pedeli. Tairi zina tarehe ubavuni, tarakimu nne, mbili za mwanzo wiki na mbili za mwisho mwaka, kwahiyo 2319 imetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Vuta mkanda wa kiti mpaka mwisho kabisa, watu wanaosha kapeti na viti lakini mkanda wanausahau, ukikuta alama ya tope au ukungu kule mwishoni gari iliingia maji. Iliyopiga mzinga, yaani iliyowahi kugongwa, utaijua kwenye mianya ya milango na boneti isiyolingana, na rangi iliyorukia kwenye raba za vioo.

Pikipiki inaangukia ubavu kwahiyo anza na ncha za usukani, ncha za mikono ya breki na klachi, na sehemu za kukanyagia, mikwaruzo ya upande mmoja inakuambia imelala upande gani. Inyanyue tairi la mbele lisiguse chini uzungushe usukani taratibu, ukikwama katikati bearingi za shingo zimekufa. Futa shokapu za mbele kwa kidole uone kama kuna oili, angalia meno ya spoketi (gurudumu la meno linalobeba mnyororo) kama yamechongoka na kulalia upande mmoja. Fremu iliyochomelewa mimi siinunui hata nikipewa nusu bei. Kwa baiskeli namba iko mara nyingi chini pale pedeli zinapoungana na fremu, ikifutwa acha, na kama ni ya kaboni tafuta nyufa kwa tochi kwasababu kaboni inakatika bila kukuonya.

Kulipa kufanyike benki, hela itoke kwenye akaunti yako iingie kwa jina lilelile lililo kwenye kadi. Mkataba andikeni majina kamili, namba za vitambulisho, namba ya chesisi na ya injini, mileji, bei, na saa mliyokabidhiana, saa ni muhimu kwasababu faini au ajali ya kabla hamjakabidhiana isije ikakuangukia wewe. Ondoka na funguo zote, ya akiba pia, na siku hiyohiyo anza kubadilisha jina mkiwa wote wawili, usikubali la "tutamalizana wiki ijayo".