Jinsi ya kuchora utegemezi wa moduli kwa Graphviz na kunasa mizunguko

Mfumo wa programu ukishapita moduli (vipande vya programu vinavyoitana) kumi hivi, hakuna anayekumbuka kichwani ipi inategemea ipi. Mchoro unasaidia, ila uwe na swali la kujibu. Langu la kwanza siku zote ni hili: kuna mzunguko? Yaani ukifuata mishale, unarudi pale pale ulipoanzia? Moduli zilizofungana hivyo huwezi kuzijaribu wala kuzibadilisha mojamoja.

Tuchukue mfumo wa AMCOS (chama cha ushirika cha mazao) ya wakulima wa zabibu hapa Dodoma. Zabibu zetu huvunwa mara mbili kwa mwaka, kwa hiyo nafasi ya kufumua kodi (maandishi ya programu, si ushuru) bila kuvuruga malipo ya watu ni finyu.

Hatua ya 1. Sakinisha Graphviz, programu inayogeuza maandishi kuwa mchoro. Kwenye Ubuntu:

`sudo apt install graphviz`

Hatua ya 2. Fungua faili la maandishi, liite `ramani.dot`:

```
digraph amcos {
  rankdir=LR;
  ripoti -> malipo;
  ripoti -> wakulima;
  malipo -> mizani;
  malipo -> wakulima;
  mizani -> wakulima;
  wakulima -> ripoti;
}
```

Mshale unatoka kwa moduli inayotegemea kwenda kwa inayotegemewa. Shika mwelekeo huo mmoja faili zima.

Hatua ya 3. Chora, kisha fungua picha kwenye kivinjari:

`dot -Tsvg ramani.dot -o ramani.svg`

Hatua ya 4. Hapa usiharakishe. Kwa `rankdir=LR` (kushoto kwenda kulia), dot, amri ya Graphviz inayochora, hupanga mishale yote ielekee kulia. Ukiona mmoja unarudi kushoto, kuna mzunguko. Lakini mshale huo si lazima uwe ndio wenye kosa: dot huchagua wa kugeuza kwa kufuata pia mpangilio wa mistari yako. Ukipanga mistari upya, mwingine unaweza kugeuka. Kwa hiyo fuata mzunguko wote, na kwa kila mshale jiulize: huu una haki ya kuwepo? Ripoti kuhitaji malipo ni sawa. Wakulima kuhitaji ripoti? Hapana.

Hatua ya 5. Ingia kwenye kodi uone `wakulima` inatumia nini cha `ripoti`. Mara nyingi ni kitu kidogo. Tuseme `wakulima` inaazima kutoka `ripoti` fankisheni ya kuweka namba za simu katika muundo unaoanza na 255. Ihamishie kwenye moduli mpya, `zana`, isiyotegemea yoyote. Futa `wakulima -> ripoti`, andika `wakulima -> zana` na `ripoti -> zana`, chora tena.

Hatua ya 6. Mishale ikizidi, ipunguze:

`tred ramani.dot | dot -Tsvg -o fupi.svg`

`tred` huficha njia za mkato: `malipo -> wakulima` haitaonekana kwa sababu njia ya kupitia `mizani` ipo. Kwenye kodi utegemezi huo bado upo, kwa hiyo usiamue cha kufuta kwa kutazama picha hii fupi.

Hatua ya 7. Kwa mradi mkubwa wa Python, usiandike kwa mkono. Sakinisha pydeps, inayosoma kodi ya Python na kuchora utegemezi yenyewe, kisha:

`pydeps amcos --show-cycles`

Itakuchorea mizunguko peke yake. Anza na mzunguko wenye moduli chache; huo unaweza kuukata leo leo, kabla hujagusa ile mikubwa.