Kamera ya infraredi kwa Raspberry Pi: kutoa filta, kisha kupima ukali wa picha

Moduli ya kamera ninayotumia ni Raspberry Pi HQ, ya kompyuta ndogo ya Raspberry Pi. Sensa yake ni Sony IMX477: megapikseli 12.3, kila pikseli mikromita 1.55. Silikoni iliyotengeneza sensa huona hadi karibu nanomita 1100, yaani hadi kwenye infraredi, mwanga usioonekana kwa macho. Kinachoizuia ni kioo kidogo tu chenye rangi ya kibluu mbele yake, ndiyo filta ya kutoa.

1. Toa kioo. Geuza bodi, fungua skrubu mbili kwa ufunguo wa L wa milimita 1.5, nyanyua bodi uiweke mbali. Sukuma kioo kwa kifuniko cha kalamu. Huenda kikavunjika. Ukishakitoa, waranti nayo imekwenda.

2. Funga filta inayopitisha kuanzia nanomita 850. Wengi hupenda ya 720 kwa sababu ya rangi zake za ajabu. Mimi rangi sizitaki. Kuanzia 850 hivi, vichujio vya nyekundu, kijani na bluu vilivyo juu ya pikseli hupitisha mwanga karibu sawa, kwa hiyo kila pikseli hufanya kazi kama ya kamera isiyo na rangi. Piga picha ghafi (`rpicam-still --raw`), pima tofauti ndogo zilizobaki kwa picha ya karatasi nyeupe, zisawazishe, na usiiache programu ikisie rangi. Ukiiacha, umeshapoteza sehemu ya megapikseli ulizolipia.

3. Fokasi upya, infraredi haikutani pale mwanga wa kawaida unapokutana. Na usibane tundu la lenzi. Kwa f/8 (tundu dogo) nukta ya mwanga hutanuka hadi mikromita 17 hivi, yaani pikseli kumi na moja! Kwa f/2.8 (tundu pana) ni mikromita kama sita, yaani pikseli nne hivi.

4. Chapa chati ya mistari kwa printa ya leza. Yangu ya kwanza niliichapa kwa printa ya wino, kamera ikaniletea karatasi tupu: wino ule hauonekani kwenye infraredi. Inamishe chati digrii tano, uhesabu ukingo mweusi unachukua pikseli ngapi kufika mweupe. Mwanga uwe wa jua au balbu ya waya. LED nyeupe haina infraredi ya maana.

5. Piga picha za giza kutafuta pikseli mbovu. Siku mbili nzima niliilaumu sensa kwa ukungu uliokuwa katikati ya picha, kamera nimeifunika kitambaa cheusi. Nikabonyeza rimoti ya TV nje ya kitambaa: taa yake ikamweka kwenye skrini, kumbe kitambaa kilikuwa kinapitisha infraredi. Sasa nafunika kwa foili ya jikoni.