Jinsi ya kumpumzisha staa wa kriketi bila kuichoma timu

Staa akikosekana mechi moja tu mtandaoni panawaka, huyu anasema kocha kalala, yule anasema mchezaji anadeka kwa sababu ameshashiba hela za ligi. Mi naona ugomvi mwingi unatokana na kitu kimoja, uamuzi wa kumpumzisha mtu unafanywa asubuhi ya mechi wakati ulitakiwa ufanywe siku ratiba inatoka. Kwa hiyo kama we ni kocha, kapteni, au yule jamaa anayepanga kikosi kwenye grupu la WhatsApp la klabu, anza na kalenda kabla hujaanza na majina.

Chukua Jasprit Bumrah, bola wa kasi (mrushaji wa mpira) wa India. Mwishoni mwa 2024 walienda Australia mechi tano za Test (zile ndefu za siku tano), jamaa akarusha zaidi ya ova 150, kila ova mipira sita, na kuchukua wiketi 32 (wapigaji aliowatoa), yaani aliibeba timu mwenyewe, mwisho wa siku mgongo ukagoma pale Sydney Januari 2025, innings (zamu ya kupiga) ya mwisho hakurusha hata mpira mmoja na kombe la Champions Trophy akalikosa. Waliposafiri kwenda Uingereza katikati ya 2025 wakasema mapema kabisa: Bumrah atacheza mechi tatu kati ya tano, basi. Ya kwanza Leeds wakafungwa, ikafuata wiki nzima ya kupumua, na bado Birmingham akakaa nje! Watu wakapiga kelele sana, wachambuzi wakubwa pia. India wakashinda kwa mikimbio (ndo pointi za kriketi) 336 na aliyeingia, Akash Deep, akaondoka na wiketi 10. Kichekesho ni kwamba mechi mbili ambazo India walishinda kwenye ule mfululizo ni zilezile mbili ambazo Bumrah hakuwepo, na wakatoka sare 2-2.

Usikimbilie kusema Bumrah hana kazi. Cha kujifunza hapo ni kwamba mbadala alikuwa yuko tayari, na pia kwamba mzigo haupotei, unahamia kwa mtu mwingine. Ulihamia kwa bola mwenzake wa kasi Mohammed Siraj, alicheza mechi zote tano, ova zaidi ya 185, na siku ya mwisho kule The Oval ndo alikuwa anamalizia kazi wakashinda kwa mikimbio 6 tu. Kwa hiyo ukimtoa mmoja, jiulize palepale nani anabeba na yeye atapumzika lini.

Haya, kalenda unayo mkononi, sasa zipange mechi kwa uzito. Hapa ndo watu wengi wanateleza maana wanaangalia jina la mpinzani badala ya kuangalia mechi ina nini ndani yake. Mechi na kibonde inaweza ikawa na uzito kuliko mechi na kigogo. Kombe la Dunia 2019 Pakistan na New Zealand walimaliza wote na pointi 11, Pakistan alikuwa amemfunga New Zealand, lakini aliyeenda nusu fainali ni New Zealand kwa sababu ya wastani wa mikimbio (kasi unayofunga ukitoa kasi unayofungwa). Na wastani wa Pakistan uliharibika kuanzia mechi ya kwanza kabisa wapigaji wao walipotolewa wote kwa mikimbio 105 tu mbele ya West Indies. Kwa hiyo kwenye mashindano ya makundi usipumzishe kikosi kizima eti mpinzani mdogo, pale ndo unatakiwa ushinde kwa nguvu na haraka, halafu ukishajihakikishia kufuzu ndo unawatoa mastaa. Test nyingi nazo tangu 2019 zina pointi za ubingwa wa dunia, ile mechi ya mwisho ambayo zamani tulikuwa tunasema haina maana sasa hivi ina maana.

Nani apumzike? Bola wa kasi kwanza, wa pili bola wa kasi, halafu ndo uwafikirie wengine. Kinachowamaliza ni mgongo wa chini, mfupa unapata ufa taratibu hasa kwa vijana ambao mifupa bado haijakomaa, na ukishapasuka ni miezi mingi nje. Hesabu MIPIRA, usihesabu mechi. T20 (mechi fupi, ova 20 kila timu) bola mwisho wake ni ova 4, yaani mipira 24, mechi ya ova 50 mwisho ova 10, Test haina kikomo, mtu anaweza kurusha ova 20 kwa innings moja halafu kesho kutwa anarudi tena. Hatari kubwa iko pale anapotoka kwenye miezi ya T20 anaingia moja kwa moja kwenye Test. Weka daftari, andika mipira ya mechi NA ya mazoezini (hii ya mazoezini kila mtu anaisahau, kijana anarusha saa nzima netini Jumanne halafu Jumamosi mnashangaa anachechemea), linganisha wiki hii na wastani wa wiki nne zilizopita, ikiruka kama mara moja na nusu hivi, punguza. Si sheria ya Mungu na wataalamu wenyewe wanaibishia, ila kwa klabu isiyo na daktari inasaidia kuliko kubahatisha.

Kipa wa wiketi, yule anayedaka nyuma ya mpigaji, naye anasahaulika, mechi ya ova 50 anachuchumaa na kuinuka mara 300, kama ndo huyohuyo anaanza kupiga wa kwanza basi mpe mapumziko au angalau mshushe kwenye oda ya wapigaji. Spina (bola wa polepole anayezungusha mpira) wanadumu: Frank Nsubuga wa Uganda alikuwa na miaka 43 kwenye Kombe la Dunia la T20 2024 na akarusha ova 4 akatoa mikimbio 4 na wiketi 2 dhidi ya Papua New Guinea. Mpigaji yeye kinachochoka ni kichwa zaidi, na mpigaji aliyepoteza fomu ukimwambia pumzika mara nyingi unamchanganya zaidi, huyo anataka muda wa kupiga kwenye mechi ndogo.

Usiwatoe wawili wanaofanana kwa wakati mmoja. Uwanja wa Edgbaston 2012 England walikuwa wameshamfunga West Indies 2-0, wakawaweka nje bola wao wakuu wa kasi Anderson na Broad wote wawili, akatokea Tino Best wa West Indies, mtu wa kumi na moja kupiga, yaani wa mwisho kabisa, akapiga mikimbio 95! Kwa wakati ule ilikuwa rekodi ya dunia kwa namba hiyo. Mvua iliiharibu mechi ikaisha sare na mfululizo walikuwa nao mfukoni, lakini jifunze.

Na uangalie uwanja. England haohao walienda India 2021 na mpango wa zamu walioupanga mapema, nia nzuri kabisa maana wachezaji walikuwa wanaishi karantini za korona. Wakashinda mechi ya kwanza Chennai, kipa wa wiketi Buttler akarudi nyumbani, ya pili wakapigwa, spina Moeen Ali akachukua wiketi 8 kwenye mechi hiyo halafu naye akaenda zake nyumbani, ya tatu Ahmedabad uwanja unazungusha mpira hadi Joe Root, ambaye kazi yake ni kupiga, akachukua wiketi 5 kwa mikimbio 8. Spina wako yuko kwenye ndege! Wakaishia kufungwa 3-1. Tena Root, aliyekuwa kapteni, aliwaambia waandishi kwamba Moeen kachagua mwenyewe kuondoka, baadae ikabidi amwombe radhi. Kwa hiyo mpango uwe na mlango wa kubadilika kama uwanja au majeraha yakibadilika, na maneno ya kusema nje mkubaliane na mchezaji kabla, mwambie ana kwa ana anakaa mechi gani na anarudi gani, asije akaisoma kwenye grupu.

Mashindano mafupi ni habari nyingine. Kule Windhoek, Namibia, Novemba 2023 kwenye kufuzu kwa Afrika kwenda Kombe la Dunia la T20, Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda wote walikuwepo, kila timu mechi sita ndani ya siku kama tisa na nafasi ni mbili tu. Pale huna mechi ya kumpumzisha staa, labda umpumzishe ndani ya mechi, ukiona ushindi uko wazi mmalizie ova 2 badala ya 4, mweke karibu asikimbie mpakani, siku ya katikati asiguse mpira.

Mwisho, kupumzika sio kulala. Bola akikaa wiki tatu bila kurusha kitu halafu ukampa mechi nzima umemrudisha kwenye hatari ileile, kwa hiyo akiwa nje aendelee na mipira michache kwa nguvu ya kawaida, na siku anarudi mpe ova tatu tatu, mtoe, mrudishe, na yule aliyemshikia nafasi akafanya vizuri usimtupe benchi siku hiyohiyo kama mnaweza kucheza wote.