Jinsi ya kuchambua maana ya wimbo wa kuachana: mfano wa "Dreams" wa Fleetwood Mac

Wengi hukosea kwa kuanzia kwenye kiitikio. Ndicho kinachonasa sikioni, basi wanadhani habari yote imo humo. Kiitikio cha "Dreams", wimbo wa bendi ya Fleetwood Mac, kina radi, mvua na wanawake wanaokuja na kuondoka. Ukiishia hapo utasema ni wimbo wa kumlaani mwanamume. Anza na beti.

Nakili maneno yote kwa mkono, ikiwezekana kutoka kwenye jalada la albamu, kwa sababu mitandaoni watu huandika walichodhani wamesikia. Chukua kalamu za rangi mbili, moja ya "mimi", nyingine ya "wewe", upigie mistari. Ubeti wa kwanza utajaa "wewe": umeanza tena, unasema unataka uhuru wako. Ubeti wa pili unafunguka karibu vilevile, ila sasa anayeanza tena ni "mimi", na anayoyaona anayaweka moyoni. Uchungu wa msemaji, yaani yule "mimi" wa wimbo, umefichwa hapo, na wengi huupita kwa kuwa melodia ni ileile.

Kisha tazama nyakati za vitenzi. Hakuna "rudi" popote. Kiitikio kinaishia kwenye wakati ujao: mvua ikishakuosha, utajua. Hilo ni onyo, wala si ombi.

Sasa weka karatasi chini usikilize. Besi ya John McVie, mpiga besi wa bendi, inazunguka kwenye noti mbili, F na G, karibu wimbo mzima. Sikio linangoja itue, haitui. Kwa hiyo usichukue upole wa ile sauti kuwa ni msamaha; muziki wenyewe haujamaliza shauri.

Historia iwe ya mwisho, la sivyo utaona unachokitafuta tu. Stevie Nicks, mwimbaji wa bendi, aliuandika mwaka 1976 huko Sausalito, California, bendi ikirekodi albamu ya Rumours, naye akiachana na mpiga gita wao, Lindsey Buckingham. Buckingham naye ana wimbo wake kwenye albamu hiyohiyo iliyotoka 1977: "Go Your Own Way". Upitishe kwenye kalamu zilezile. Msemaji wake angempa mwenzake ulimwengu wake, ila mwenzake haupokei. Basi na aende zake. Linganisha na ule ubeti wa kwanza wa "Dreams": katika kila wimbo, anayeondoka ni yule mwingine! Kwangu hii ndiyo maana nzito kuliko zote, na huipati kwa kusikiliza wimbo mmoja peke yake.

Nicks alichukizwa na mstari wa "Go Your Own Way" unaodai alichotaka ni kufungasha na kwenda kukaa kinyumba na wengine, akaomba uondolewe. Ulibaki, na sauti yake imo kwenye uitikiaji wa wimbo huo. Kwa hiyo usiufanye wimbo mmoja ushahidi wa kuuhukumu mwingine. Unapoandika uchambuzi wako, tumia "msemaji" kila mahali, na jina la mtunzi liweke pale tu unapotaja jambo lililotokea nje ya wimbo.