Mbwa mdogo amekatika ligamenti ya goti? Soma hii kabla hujalipia operesheni

Mbwa akichechemea mguu wa nyuma, leo anakanyaga kesho anauning'iniza, na akikaa anautoa pembeni badala ya kuukunja, basi goti hilo lishuku kwanza, huenda ligamenti, ile kamba ngumu inayoshikanisha mifupa ya goti, imekatika. Mambo ya "ameteguka tu, mkande maji moto" acheni jamani, na ibuprofeni au diklofenaki za binadamu usimpe kabisa, zinatoboa tumbo na kuua figo.

Vet atashika paja kwa mkono mmoja na muundi kwa mwingine ausukume mbele, ukiteleza basi ligamenti imeenda. Mwambie aangalie na pia ya goti, kile kifupa cha mbele ya goti, manake kwa hawa wadogo wadogo, akina Yorkshire na Chihuahua, mara nyingi kifupa hicho kinahama chenyewe na mtu anaweza kurekebisha kitu kimoja akaacha kingine. Halafu eksirei, na damu. Damu usiiruke, huku pwani kupe ni wengi na kuna homa ya kupe inayoshusha zile chembe za kugandisha damu, mbwa akipasuliwa hivyo atavuja vibaya, tena homa yenyewe inaweza kuvimbisha viungo ukadhani ni ligamenti.

Sasa kisu. Wa chini ya kilo 15 wapo wanaopata nafuu bila kupasuliwa, wakipunguzwa uzito na kufungiwa wiki 6 hadi 8, lakini goti linabaki legevu na baridi yabisi inakuja haraka. Ukiamua kupasua, ya kawaida kwa wadogo ni ya uzi: daktari anafungua goti, anakagua meniskasi, ule mto wa gegedu ndani ya goti (ikichanika anatoa kipande kilichochanika, muulize kabisa kama ataikagua), halafu anapitisha nailoni nene kama mshipi wa kuvulia changu, kutoka nyuma ya goti upande wa nje hadi tundu alilotoboa juu ya muundi, anakaza. Uzi huo baadaye hulegea au hukatika na si shida, kazi yake ni kushikilia mpaka mwili ujenge makovu magumu kuzunguka goti. TPLO ni operesheni nyingine, aliianzisha daktari wa wanyama Slocum kule Marekani, mfupa wa muundi unakatwa, unazungushwa, unafungwa bamba na skrubu ili paja lisiteleze. Ni ghali na inataka mtu aliyesomea mifupa, kwa hiyo kutoka Malindi jiandae kwa safari ya Mombasa au Nairobi. Mimi kwa mbwa wa kilo 6 ningeanza na uzi, ila kama eksirei inaonyesha juu ya muundi pameinama sana, na kwa wadogo hutokea, hapo TPLO ina maana.

Usafiri wa kurudi panga mapema, madereva wengine wa tuktuk hawabebi mbwa na usilazimishe mtu na dini yake, tafuta gari, umlaze kwenye katoni lenye shuka.

Nyumbani ndiko watu wanakoharibu. Sakafu zetu za tailzi na saruji iliyosuguliwa zinateleza, tandika mikeka ya mpira au zulia kuukuu kote anakopita, mkeka wa ukindu peke yake nao unateleza. Ngazi ziba. Barafu ndani ya kitambaa dakika 10 siku tatu za mwanzo, ile koni ya shingoni isitoke mpaka nyuzi zitolewe siku ya 10 hadi 14, na kukojoa atoke na kamba, dakika tano tano, alfajiri kabla jua halijachoma. Ufukweni hapana, mchanga mlaini unamzamisha na akiona kaa tu ameshachomoka mbio! Sima na mabaki ya wali punguza, kila kilo ya ziada inakaa juu ya goti hilo, na la pili pia manake wengi hukatika la upande wa pili baadaye.

Akishaanza kukanyaga vizuri halafu ghafla akauning'iniza tena, au ukasikia goti linatoa "tak", mrudishe kwa daktari siku hiyohiyo, huenda ni meniskasi.